Chakula kiliishia meza ya 19, sasa mwizi ni mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Nakuandikia saa saba usiku kwa sababu usingizi umenikimbia tangu harusi ya mdogo wangu wa kiume, wiki mbili zilizopita. Kwenye kamati nilikuwa mweka hazina. Michango yote ilipita kwenye simu yangu, na kila malipo niliyafanya mimi.

Ukumbi tulioupata ni mzuri kwa macho, tena una maegesho. Tatizo lilianza pale meneja aliposema mpishi ni wa kwao. Ukija na mpishi wako, unalipa milioni moja ya kumwingiza. Tukaona haina haja. Tukaenda kuonja chakula, watu watano wa kamati. Shangazi, siku ile tulikula. Kuku wa kupaka vipande vinene, ndizi nyama, pilau inayonukia hadi nje. Mwenyekiti wetu akasema hapahapa, tusihangaike tena.

Tukakubaliana watu 300, sahani moja shilingi 25,000, jumla 7,500,000. Nikatuma 2,250,000 siku ya kushika tarehe, na wiki mbili kabla ya harusi nikaongeza 3,000,000. Iliyobaki meneja akasema, "Mtamalizia wiki ya baada ya harusi, dada, ninyi ni watu wetu." Mkataba hatukuandikiana. Nina profoma ya ukurasa mmoja iliyoandikwa "Chakula watu 300 x 25,000" na meseji za malipo. Hela nilizituma kwenye namba ya meneja mwenyewe.

Siku yenyewe chakula kilipangwa kutoka saa tatu usiku. Kikatoka saa nne na nusu, kwa sababu saa tatu na dakika arobaini umeme ulikatika, na lile jenereta tuliloonyeshwa kwa mbwembwe halikuwa na dizeli. Nikatoa 150,000 ya dizeli palepale, mkononi. Ukumbi ulikuwa moto, bibi harusi anapepewa na kadi.

Ilianza meza kuu, watu 12. Kisha MC akawa anaita meza moja moja, kila meza watu kumi. Mimi nilikuwa nyuma nahangaika na keki. Nikamsikia anaita meza ya 18, ya 19, halafu kimya, halafu akaweka muziki. Nilipofika kwenye bafe nilikuta mhudumu anakwangua sufuria. Kuku wamebaki mchuzi. Meza ya 19 ilipata wali na kachumbari. Meza 11 zilikuwa hazijagusa kitu.

Na meza hizo, Shangazi, saba zilikuwa za wakwe zetu. Walitoka Moshi kwa Coaster mbili, moja ikapata pancha Chalinze, wakafika wamechelewa, wakakaa nyuma. Mjomba wetu alikimbia barabarani akanunua chipsi kuku sahani 60 kwa 8,000, jumla 480,000. Zikaja kwenye mifuko ya plastiki, saa sita kasoro. Shangazi mmoja wa bibi harusi alikataa kuupokea mfuko. Akasema kwa sauti ya chini, lakini niliisikia: "Kwetu hata msibani watu wanakula."

Siku ya pili nilimpigia meneja. Anasema tulileta watu 400, na kwamba wageni wetu walijaza sahani kama watu wanaohama nyumba. Tulichapisha kadi 150 za double na 50 za single, tukaagiza chakula cha 300 kwa kuwa kila harusi kuna wasiokuja. Kadi zilizokusanywa mlangoni zipo kwenye boksi la viatu chini ya kitanda changu, sijawahi hata kulifungua. Sasa anadai 2,250,000 iliyobaki, na anashikilia 500,000 tuliyoweka ya tahadhari akisema viti sita vimevunjika.

Kwenye kundi la kamati watu wamekaa kimya kwa namna ninayoielewa. Mmoja aliandika, "Ni vizuri tujue chakula kililipiwa cha watu wangapi," akaweka kiemoji cha kufikiri. Mdogo wangu hapokei simu zangu. Anataka kuurusha ukumbi Instagram. Jumamosi ijayo ni vunja kamati, na ninatakiwa kusoma mahesabu mbele ya watu thelathini. Nimlipe huyu meneja yaishe? Na hao thelathini niwaambie nini?

Mweka hazina, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu na bahasha ya bili ya maji, nikapiga hesabu nyuma yake. Naomba na wewe uchukue karatasi.

Meza kuu, watu 12. Meza ya kwanza hadi ya 19, watu kumi kumi, ni 190. Weka MC, wa muziki na wapiga picha, hao hula pembeni, tuseme saba. Jumla 209. Sasa chukua hela uliyokwisha kumpa, 5,250,000, igawe kwa 25,000. Ni sahani 210.

Simwiti mtu mwizi, maana sikuwepo jikoni. Lakini nimekaa kwenye kamati za harusi tangu nikiwa sina mvi, na mchezo huu naujua: mpishi anapika hela aliyopewa. Ile iliyobaki anaiona ni faida yake, haiingizi sokoni. Wageni wakija pungufu, na mara nyingi huja pungufu, hakuna anayegundua, na wiki inayofuata mnammalizia kwa shukrani. Ninyi wageni wenu walikuja.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lina jibu. Mlinunua sahani 300, zikatoka kama 210. Ambazo hazikutoka ni 90, na 90 kwa 25,000 ni 2,250,000. Ndiyo hiyohiyo anayokudai. Usimlipe. Wala usimzimie simu, maana ukikaa kimya utaonekana mdaiwa sugu. Mwandikie.

Kabla ya kuandika, vuta lile boksi chini ya kitanda. Leo hii, siyo Ijumaa. Kaa na mtu mmoja wa kamati, ikiwezekana huyo wa kiemoji, mhesabu pamoja: double zihesabiwe watu wawili, single mmoja. Kwa kadi mlizochapisha, hata wangekuja wote, ni watu 350. Hao 400 meneja amewatoa wapi? Boksi hilo ndilo shahidi wako na umelilalia wiki mbili.

Halafu muombe mpiga video mkanda ambao haujakatwa, sehemu ya chakula tu. Mnataka kuona vitu viwili. Kwanza, MC anaita meza kwa namba na watu wanapita mara moja. Kama bafe liliishia meza ya 19 bila mtu kurudi raundi ya pili, hadithi ya kujaza sahani inabaki kwa meneja, kwa sababu kujaza sahani hakuwezi kumaliza chakula cha watu tisini. Pili, tazama kuku. Siku ya kuonja walikuwa vipande vinene. Siku ya shughuli nakuhakikishia kuku mmoja alikatwa vipande vingi kiasi kwamba mgeni akipata shingo anashukuru.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Andika tarehe za malipo, idadi iliyoagizwa, idadi iliyohudumiwa, na kwamba 2,250,000 hailipwi kwa kuwa chakula chake hakikuletwa. Kisha dai vyenu: 500,000 ya tahadhari, 150,000 ya dizeli, 480,000 ya chipsi. Jumla 1,130,000. Mpe siku 14. Ambatanisha nakala ya profoma na meseji, mpelekee kwa mkono, asaini nakala yako. Akikataa kusaini, tuma picha ya barua kwenye simu yake, maana ndiyo namba iliyopokea hela.

Kwenye ile ya chipsi uwe mkweli. Kadi zikionyesha waliingia watu 330, thelathini kati yao hamkuwaagizia chakula, hao ni mzigo wa kamati. Punguza sehemu yao kwenye dai. Hapo meneja atakuwa hana pa kushika. Ya viti, mwambie akuonyeshe viti sita, siyo akutajie. Na siku nyingine, asubuhi kabla mpambaji hajaingia, mtu mmoja apite na simu kupiga picha kila kona, ukuta, viti, vioo vya chooni. Dakika kumi tu.

Utaniuliza kama bila mkataba wa maandishi una haki gani. Mimi si wakili, ila hili nalijua: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi makubaliano ni batili kwa sababu hayakupigwa muhuri. Mlikubaliana bei na idadi, ukalipa, akapokea. Na sheria hiyohiyo inamtaka aliyevunja makubaliano kufidia hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunja kwake. Meseji za simu zinapokelewa kama ushahidi, hilo limo kwenye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Siku 14 zikipita, nenda Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Wenye kumbi wengi wakiona wito wa mahakama wanakumbuka ghafla wapi waliweka bahasha ya tahadhari.

Mwambie mdogo wako Instagram isubiri. Namwelewa, aliaibika mbele ya wakwe. Lakini akiandika neno "mwizi" kabla hamjahesabu kadi, atakuwa amewapa wao kesi badala ya ninyi kuwa nayo.

Sasa nikugombeze kidogo, maana wewe ni mwanangu.

Hela ya harusi unaitumaje kwenye simu ya mtu binafsi? Ukumbi wenye maegesho na jenereta unakosaje namba ya biashara, unakosaje risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Ile risiti siyo ya TRA peke yao. Siku kama hizi ndiyo inayosema ulimlipa nani. Sasa meneja akihamishwa kesho, mwenye ukumbi anaweza kukukana mchana kweupe.

Halafu hiyo hesabu ya "wengi hawaji". Kadi za watu 350, chakula cha 300, na sijaona popote mlipowahesabu madereva wa Coaster, watoto wa kubebwa ambao hula kuliko wazazi, na matarumbeta. Kamati nzima ilikaa kikao baada ya kikao ikibishania rangi ya vitambaa, nina uhakika, lakini idadi ya midomo mkaikadiria kwa dakika tano. Hilo si kosa la meneja.

Na kuonja. Mwanangu, kuonja hakusemi kitu. Mimi hapa nina jiko la mkaa na magoti mabovu, lakini nikikuandalia sahani tano utasema nifungue hoteli. Watu watano ni chakula cha nyumbani. Mpishi wa shughuli anapimwa kwenye watu mia tatu, saa nne usiku, MC amechelewesha ratiba na umeme umekatika. Ukitaka kumjua, muulize Jumamosi hii anapika wapi, uende usimame pembeni muda chakula kinapotoka. Tazama nyama inagawiwa na nani. Mpishi anayejua kazi haachi kuku wazi mgeni ajichotee, anaweka kijana mwenye koleo. Tazama meza ya mwisho inakula nini. Meza ya kwanza haina habari, wote huanza vizuri. Ukiona ya mwisho inapata sawa na ya kwanza, lipa malipo ya awali palepale.

Na msiagize "sahani". Sahani ni neno la upepo, mtu akiweka wali na kachumbari amekupa sahani, kama meza yenu ya 19. Agizeni vitu. Kwa uzoefu wangu, kwenye bafe lenye ndizi na chapati, kilo moja ya mchele inashibisha watu saba au nane. Watu 300 ni kilo 40. Kuku mnaandika wangapi na kila mmoja vipande vingapi. Kisha mchana wa harusi mjumbe mmoja, asiye na kazi nyingine yoyote siku hiyo, anakwenda jikoni na ile karatasi anahesabu. Shemeji yangu alifanya kazi hiyo kwenye harusi ya binti yangu, tulimwita "mkaguzi" tukamcheka wiki nzima. Alikuta kuku 22 wamepungua, wakaletwa kabla ya magharibi. Hatujamcheka tena. Wewe ulikuwa na keki, na hela, na dizeli. Aliyeshika mfuko hawezi kuwa huyohuyo anayeshika mwiko.

Kuna jambo hukuliuliza lakini limenitia wasiwasi. Chakula cha saa tatu kimetoka saa nne na nusu, umeme hakuna. Kilipikwa saa ngapi? Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya moto, na kama kinasubiri, kisubiri kwenye moto, nyuzi 60 na kupanda. Wali uliokaa uvuguvugu unaweza kuwa na sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Mkimpata mpishi mwingine siku nyingine, MC apewe saa ya chakula kama anavyopewa saa ya kuingia maharusi, na zawadi zisubiri. Hakuna aliyewahi kuumwa kwa kuchelewa kupewa blenda.

Nije kwa wakwe, maana hapo ndipo panapokuuma, hela ni kisingizio. Yule shangazi wa bibi harusi hakusema vibaya. Alisafiri kutwa nzima, akapata pancha, akafika, akapewa mfuko. Msimtumie ujumbe wa simu wala msimpigie. Mtafuteni mshenga wenu, yeye ndiye njia. Aende na wazee wawili wa upande wenu, wawaone wale wa Moshi waliopo hapa Dar kwanza. Waseme tumewakosea, wasiongeze "mpishi alituangusha." Ukishataja mpishi, msamaha umekuwa utetezi. Kisha waalikeni siku ya kawaida, nyumbani kwa wazazi wako, wapate kula wakiwa wamekaa. Mdogo wako awepo, awanawishe mikono yeye mwenyewe. Na yeye akishajua kuwa unakwenda kubeba aibu hiyo pamoja naye, simu zako atazipokea.

Sasa Jumamosi. Usiende na daftari peke yake. Nenda na taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, yote, tangu mchango wa kwanza, umechapisha nakala nne au tano zizunguke. Pale juu weka ile hesabu ya bahasha: 12, 190, 7, halafu 210. Usiisome wewe. Mpe mwenyekiti aisome, yeye ndiye aliyesema "hapahapa, tusihangaike". Usijitetee kabla hujaulizwa, wala usilie, ingawa najua utataka. Mwache yule wa kiemoji aseme kadi zilikuwa ngapi, maana alihesabu na wewe. Neno likitoka kinywani mwake litafika mbali kuliko lako.

Na hiyo vunja kamati msiipeleke kwenye ukumbi wala baa. Ifanyieni uani kwako. Watu thelathini, mchele kilo nne zinatosha. Upime mwenyewe.

Shangazi